Tasnifu Isubiri Jumatatu

Nchini Marekani, ikifika katikati ya Machi, profesa wa falsafa na mtu anayefagia korido ya ofisi yake huwa na karatasi ya aina moja mfukoni. Ina majina ya timu 68 za vyuo vikuu, na mistari inayozikutanisha mbili mbili mpaka abaki bingwa mmoja. Kila mtu anajaza utabiri wake. Rais Barack Obama alikuwa akijaza ya kwake mbele ya kamera za televisheni. Mwaka 2009 aliitabiria North Carolina ubingwa, na ikaubeba kweli. Mkuu wa kitivo anajaza, katibu muhtasi anajaza, na mwanafunzi wa uzamivu aliyetakiwa kukabidhi sura ya tatu ya tasnifu tangu Februari naye anajaza, tena kwa uangalifu ambao sura ya tatu haijawahi kuuona.

Mashindano haya ya mtoano ya mpira wa kikapu yalianza 1939 kwa timu 8 tu. Siku hizi yanachukua wiki tatu, na fainali huchezwa Jumatatu usiku mwanzoni mwa Aprili. Ni wiki zile zile ambazo muhula umeiva, mitihani ya kati inasubiri kusahihishwa, wahariri wa majarida wanarudisha makala zikiwa zimechorwa mistari myekundu, na kamati zinapanga tarehe za kutetea tasnifu. Aliyeziweka kalenda hizi mbili pamoja hakuwa na huruma na mtu anayependa vyote viwili.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilikwenda Lawrence, katika jimbo la Kansas, kusomea historia, huku nikijilipia masomo kwa kufundisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Nikarudi Dar es Salaam na shahada pamoja na maradhi ya kudumu: ushabiki wa timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas. Shahada niliitafuta. Maradhi yalinifuata yenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki inabidi nieleze ugeni wa jambo hili. Kwetu timu ni ya mtaa, ya shirika, ya jeshi au ya tajiri. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zilizaliwa mitaani Kariakoo, wakati Mlimani, kilipo leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakukuwa na chuo chochote. Profesa wa Mlimani anaweza kuwa Simba wa kutoa machozi, na Jumatatu asubuhi atataniwa kwenye chumba cha walimu mpaka chai ipoe, lakini hakuna atakayeuhusisha ushabiki wake na utafiti wake, kwa sababu Simba si mwajiri wake. Kenya wanajua kidogo ladha ya kitu kingine: timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, iliundwa 1977 na mwaka huo huo ikatwaa Kombe la Kenya. Lakini hata hiyo ni timu ya wanafunzi wanaocheza. Kule Marekani timu ya chuo ni biashara, ibada na utambulisho wa jimbo zima, na jina lililo kifuani mwa jezi ndilo lililo juu ya barua yako ya ajira. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor, umeandikishwa kuingiza 107,601. Haumilikiwi na klabu wala serikali ya mji. Unamilikiwa na chuo kile kile chenye maabara ya fizikia.

Ilifikaje huko? Shindano la kwanza kabisa kati ya vyuo viwili vya Marekani lilikuwa la kupiga makasia, Harvard na Yale, mwaka 1852 katika ziwa Winnipesaukee, na gharama zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria. Yaani fedha ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Anayesema michezo ya vyuo iliharibiwa na fedha hivi karibuni hajasoma. Mwaka 1869 Rutgers na Princeton walicheza mechi ya kwanza ya kile kilichokuja kuwa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti. Kufikia 1905 vijana walikuwa wanafia uwanjani, Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa michezo Ikulu, na mwaka uliofuata kikaundwa chombo cha kusimamia michezo ya vyuo, ambacho leo kinaitwa NCAA.

Wasomi wanaochukia michezo wana hadithi moja wanayoipenda kuliko zote, ya Chuo Kikuu cha Chicago. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alimwajiri kocha Amos Alonzo Stagg mwaka 1892 na kumpa cheo cha ualimu wa chuo, sawa na wanazuoni wengine. Chicago ikawa tishio. Mshindi wa kwanza wa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, inayoitwa leo Heisman, mwaka 1935, alikuwa mchezaji wa Chicago, Jay Berwanger. Kisha akaja rais mwingine, Robert Maynard Hutchins, aliyeamini kwamba chuo ni mahali pa vitabu. Mwaka 1939 timu ilifungwa na Michigan 85 kwa 0, na mwishoni mwa mwaka huo Hutchins akaifuta. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja uliokwisha kuachwa, Enrico Fermi na wenzake wakawasha mmenyuko mnyororo wa kwanza wa nyuklia unaojiendesha wenyewe.

Hadithi inasimuliwa kwa tabasamu: ondoa mpira, ingiza sayansi. Niliisikia tena katika mkutano mmoja wa kitaaluma, kutoka kwa mtu aliyeona beji ya timu kwenye begi langu na kuniuliza kama nimepotea njia. Mimi naisoma vingine. Fermi alipata chumba kwa sababu kulikuwa na uwanja, na chumba chenyewe kilijengwa kwa ajili ya mchezo wa raketi. Na Chicago haikuvumilia milele: mwaka 1969 ilirudisha timu ya mpira, ambayo leo iko katika daraja la tatu, ambako hakuna anayepewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya misuli. Hayo huwa hayasimuliwi.

Lawrence ni mji wa chuo uliokaa juu na chini ya kilima kimoja. Ukumbi wa Allen Fieldhouse ulifunguliwa 1955 na kwa miaka mingi uliingiza watu 16,300. Kwa nje ni jengo la mawe ya chokaa lenye paa refu, mgeni angeweza kudhani ni ghala la nafaka. Ndani, mabenchi ya wanafunzi yako karibu na uwanja kiasi kwamba kocha mgeni husikia anachoambiwa, jina kwa jina. Juu limetundikwa bango la kuwaonya wageni; la kwanza lilitengenezwa na wanafunzi mwaka 1988 kwa mapazia ya bafuni ya bwenini.

Kupata kiti kizuri ni kazi. Wanafunzi huunda makundi na kupeana zamu za kukaa ndani ya jengo tangu saa kumi na mbili asubuhi, ili jina la kundi likiitwa awepo wa kuitika. Asipokuwepo mtu, kundi linafutwa. Basi korido zinajaa blanketi, kompyuta na vitabu. Nimesahihisha mazoezi mengi ya ngeli nimeegemea ukuta wa korido ile, kushoto kwangu binti wa kemia na michoro yake ya molekuli, kulia kijana aliyelala na kofia usoni. Ukweli ni kwamba ilikuwa maktaba nzuri kuliko maktaba, maana hapakuwa na pa kwenda.

Saa ya mechi ikifika, timu ngeni inatambulishwa. Hapo wanafunzi wote wanafungua gazeti la chuo na kujifanya wanasoma. Jina la kwanza linaitwa, kurasa zinafunuliwa. La pili, zinafunuliwa tena. Hakuna anayezomea. Watu maelfu wameinamia habari za kikao cha serikali ya wanafunzi wakati kijana wa watu, pengine nyota wa taifa, anakimbia katikati ya uwanja akitaka walau achukiwe. Kisha inaitwa timu ya nyumbani, magazeti yanachanwa vipande na kurushwa juu. Nimesoma magazeti ya zamani kwa kazi yangu. Sijaona gazeti lililotumika kwa dharau safi kuliko hiyo. Na ushindi ukishapatikana, mikono yote inainuliwa na kuyumbishwa taratibu, kulia, kushoto: ngano ya Kansas inapigwa na upepo.

Mgeni akiwa amekwisha kabisa, dakika za mwisho, kinaanza kiitikio cha Rock Chalk, polepole, kwa sauti ya chini. Kilitungwa 1886. Aliyekitunga, E. H. S. Bailey, alikuwa profesa wa kemia, na alikitunga kwa ajili ya klabu ya sayansi ya chuo. Mpira wa kikapu wenyewe ulikuwa haujabuniwa.

Ulibuniwa miaka mitano baadaye, Desemba 1891, pale Springfield, Massachusetts, na James Naismith, Mkanada aliyetafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya jengo wakati wa baridi. Akatundika vikapu vya matunda na kuandika kanuni 13. Mwaka 1898 akahamia Lawrence. Aliajiriwa kufundisha elimu ya viungo na kusimamia ibada za kanisa la chuo, na alikuwa pia ametoka kuhitimu udaktari wa tiba. Ukocha ulikuwa kazi ya pembeni, na rekodi yake inaonyesha hivyo: alishinda mechi 55 na kupoteza 60. Katika historia ya Kansas hakuna kocha mwingine wa kikapu cha wanaume aliyeondoka na hesabu ya hasara. Mwanafunzi wake, Phog Allen, ndiye aliyeugeuza ukocha kuwa taaluma, na chini ya Allen walipita Adolph Rupp, aliyeijenga Kentucky, na Dean Smith, aliyeijenga North Carolina. Zile kanuni 13, kwenye karatasi zake za awali zilizopigwa taipu, zilinunuliwa mnadani mwaka 2010 na mhitimu mmoja wa Kansas kwa dola milioni 4.3. Leo ziko ndani ya jengo lililo ubavuni mwa ukumbi.

Mwanafunzi wa Naismith ninayempenda mimi hakuwahi kuvaa jezi ya Kansas. John McLendon alifika chuoni miaka ya 1930 akitaka kucheza, lakini timu haikuwa inachukua Weusi. Naismith akawa mshauri wake wa masomo, na McLendon akahitimu 1936. Akaenda kufundisha katika chuo cha Weusi cha Durham, North Carolina, ambako alikuza mchezo wa kasi, wa kushambulia kabla mpinzani hajajipanga. Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944, watu wakiwa makanisani, timu yake ilifunga milango na kucheza na kikosi cha wanafunzi wa tiba wa Duke, Wazungu watupu, jambo lililokuwa kinyume cha sheria za ubaguzi za jimbo. McLendon alishinda 88 kwa 44. Halafu wote wakanyamaza kwa miongo mitano.

Nani aliifukua habari hiyo? Mwanahistoria, Scott Ellsworth, aliyeichapisha 1996 na baadaye kuitolea kitabu kizima. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtu asiyejali kikapu asingejua kwamba palikuwa na kitu cha kuuliza. Mtu anayejali kikapu peke yake asingejua namna ya kuuliza, wapi pa kutafuta shahidi wa pili, na kwa nini shahidi wa kwanza hatoshi. Ushabiki ulinionyesha mahali pa kuchimba kabla sijajua jembe linashikwaje.

Hata mahasimu hufundisha. Kabla ya kukaa Lawrence sikuelewa kwa nini watu wapole, wakulima wanaokufungulia mlango, wakitamka jina la Missouri, jimbo jirani, hukunja uso. Sisi tunazo timu zinazoitwa watani wa jadi, na ni utani kweli. Huu si utani. Tarehe 21 Agosti 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapanda farasi wa William Quantrill walitoka Missouri na kuiteketeza Lawrence iliyopinga utumwa, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150. Timu ya Chuo Kikuu cha Missouri ilipohama ligi mwaka 2012, mechi zikakatika. Ziliporejea Desemba 2021, ukumbi ulipiga kelele kana kwamba moshi haujatulia.

Ni kweli kwamba muda haukutosha. Nilikuwa na mwalimu, mtu wa pwani ya Kenya, aliyekaa Marekani miaka mingi kuliko umri wangu, ambaye hakuwahi kunikataza wala kunihurumia. Siku moja ya Alhamisi alinikuta kwenye ngazi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Ile sura ya tatu i wapi?”

“Iko njiani.”

“Na njia yenyewe yapita uwanjani?”

“Jumamosi hii tu, Mwalimu. Ni Kansas State.”

“Haya. Tasnifu isubiri Jumatatu. Lakini Jumatatu saa tatu iwe mezani pangu, mshinde msishinde.”

Ilikuwa mezani. Kazi ya uzamivu haina kipyenga. Unaweza kuisogeza mwaka, miwili, na ukawa na sababu nzuri kila mara. Mechi ya Jumamosi saa nane ilinipa kitu ambacho hakuna kamati iliyoweza kunipa, yaani saa ya kumaliza. Kurasa za Ijumaa zilikuwa fupi na zenye nguvu. Kurasa za majira ya kiangazi, wakati hakuna kikapu, mpaka leo naona aibu kuzisoma.

Sasa nije kwenye upande unaouma, na kwa Mswahili unauma mara mbili.

Oktoba 2014, wakili Kenneth Wainstein alitoa ripoti aliyoagizwa na Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill. Kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, zaidi ya wanafunzi 3,100 walipitia kozi ambazo hazikuwa kozi. Hapakuwa na mhadhara wala mwalimu. Mwanafunzi aliandika insha moja, ikapokelewa na msimamizi wa ofisi ya idara ambaye hakuwa mwanazuoni, naye akaipa alama ya juu. Karibu nusu ya wanafunzi hao walikuwa wanamichezo. Idara yenyewe ilikuwa ya masomo ya Afrika na Waamerika Weusi. Na miongoni mwa kozi hizo kulikuwa na Kiswahili. Chuo kilimtaka kila mwanafunzi afike ngazi ya tatu ya lugha ya kigeni. Walioshindwa waliandikishwa Kiswahili cha ngazi ya tatu na kukimaliza kwa kuandika insha kuhusu utamaduni wa Waswahili. Kwa Kiingereza.

Nimefundisha ngeli ya KI-VI saa mbili asubuhi theluji ikianguka dirishani. Nimewaona watoto wa wakulima wa Kansas wakitoka jasho kwa ajili ya “kile” na “vile”. Kwa hiyo nadhani nina haki ya kukasirika. Kifaransa hakikuchaguliwa kuwa maficho, kwa kuwa idara ya Kifaransa ina watu wengi na macho mengi. Kilichaguliwa Kiswahili kwa sababu wenye mamlaka waliamini hakuna atakayekagua, na hawakukagua, kwa miaka 18.

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni maelezo ya ripoti kuhusu yule msimamizi wa ofisi. Hakula rushwa. Aliwaonea huruma wanafunzi waliokuwa wanahangaika, na alikuwa shabiki mkubwa wa timu ya kikapu, wa kushindwa kufika kazini asubuhi baada ya kipigo. Mtu huyo namfahamu. Nimekaa naye korido moja, nimeimba naye. Ushabiki wake haukuwa na kasoro hata moja ambayo wangu hauna. Tofauti ni kwamba yeye aliufikisha kwenye karatasi ya alama.

Mwaka 2017 NCAA ilisema haiwezi kukiadhibu chuo, maana kozi hizo zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote, wanamichezo na wasio wanamichezo. Kisheria pengine ni sawa. Kama mwalimu, naona walisema kwamba ukimdanganya kila mtu hujampendelea yeyote.

Darasani kwangu waliwahi kukaa wanamichezo. Mwanzoni mwa muhula inakuja barua kutoka ofisi ya michezo yenye tarehe za safari, ikiomba mwanafunzi afanye mtihani siku nyingine. Ni ombi halali. Kijana anayepanda ndege Jumatano jioni na kurudi Jumapili usiku hawezi kuwa sehemu mbili. Mmoja wao, mchezaji wa akiba, nisiseme wa mchezo gani, alikuja kufanya mtihani wa mazungumzo akiwa na barafu imefungwa gotini. Akasema “vitabu vyangu vimepotea” bila kusita, nikatamani kumkumbatia. Kisha akasema “mama yangu kimefika”, nikatamani kulia. Alipata C, ile aliyoifanyia kazi. Jumamosi aliingizwa dakika za mwisho, nikasimama kumshangilia na wenzangu, na sidhani kama yeye au mimi tuliona ajabu yoyote.

Niliporudi Dar nilidhani umbali utaniponya. Tarehe 4 Aprili 2022 Kansas ilitinga fainali New Orleans, na mpinzani alikuwa North Carolina. Huko ilikuwa Jumatatu usiku. Kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumanne, nasi tumeingia Ramadhani siku chache tu. Mechi ilianza saa kumi na dakika kama ishirini, nyumba nzima iko macho kwa daku. Mke wangu aliniletea uji na viazi, akatazama skrini, akauliza ni nani hao waliovaa nyeupe na ni nani hao waliovaa bluu. Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa 40 kwa 25 na muda wa kula ulikuwa unakwisha. Nilijifungia na tumbo nusu. Kipindi cha pili David McCormack, Remy Martin na Ochai Agbaji walifanya kazi ambayo hakuna timu iliyowahi kuifanya katika fainali hizo, kufuta pengo la pointi 16. Mwisho 72 kwa 69. Saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya darasa nikifundisha biashara ya misafara ya karne ya 19, na naambiwa nilifundisha vizuri mno.

Nilitaka kuwakoga watu wa North Carolina kwa ile habari ya Kiswahili. Nilikwisha kuandika ujumbe kwa rafiki. Nikakumbuka kwamba nyumba yangu nayo ilikuwa inachunguzwa, kuhusu fedha za kampuni ya viatu zilizopita mikononi mwa watu wa karibu na wachezaji. Oktoba 2023 uamuzi ukatoka: ushindi wa mechi 15 za msimu wa 2017-18 ukafutwa, pamoja na nafasi ya nusu fainali ya 2018.

Adhabu hiyo naipinga kwa sababu za kitaaluma. Mwanahistoria hafuti. Mechi dhidi ya Duke pale Omaha, 85 kwa 81 baada ya muda wa nyongeza, ilichezwa. Watu walilia barabarani, vioo vya baa vilitikisika. Toza faini, fungia kocha, nyang'anya kombe ukitaka. Lakini kuandika kwamba halikutokea lililotokea ni kazi ya wale ambao sisi tunalipwa kuwasahihisha.

Suala la fedha sasa limebadilika kwa kasi. Kwa miongo mingi kocha alilipwa mamilioni na chuo kiliuza jezi yenye namba ya kijana, huku kijana mwenyewe akipata matatizo kwa kukubali chakula cha bure. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliipinga NCAA katika kesi ya Alston, na tarehe 1 Julai wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Wenzangu wengi wanaomboleza. Mimi naona ni haki iliyochelewa, na pia ni unafuu kwa mwalimu: anayelipwa mshahara hahitaji kulipwa kwa alama.

Wala tusidhani michezo ya vyuo hivyo ni habari ya Wamarekani peke yao. Hasheem Thabeet alitoka Makongo, Dar es Salaam, akachezea Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Sharon Lokedi wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa Kansas hii hii ninayoisema, akashinda taji la vyuo la mita 10,000 mwaka 2018, kisha marathoni ya New York mwaka 2022 na ya Boston 2025. Na yupo Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972, aliyesomea Marekani mpaka udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi Kenya kuwa profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kila nikisikia kwamba mwanamichezo chuoni ni mgeni wa kuvumiliwa, huwa nauliza kama msemaji amewahi kusikia jina la Profesa Boit.

Kila mwaka kuna vijana wetu wanaokwenda vyuo hivyo kufundisha Kiswahili au kusoma uzamivu, na wengine wananiandikia kuuliza wabebe nini. Nawaambia koti. Nawaambia pia wanunue tiketi ya mwanafunzi mapema, kabla ya kujua timu ni nzuri au mbovu, kwa kuwa baada ya kupata kazi bei haitakuwa ile. Na mkipewa darasa, ofisi ya michezo ikiwaandikia kuomba mwanafunzi apangiwe siku nyingine ya mtihani, mpangieni. Ikiomba kitu kingine chochote, kataeni kwa maandishi na mtunze nakala.